Mlinzi wa Ghorofa ya Tatu

2 Novemba

Mvua ya baridi tangu alfajiri. Mvua ya huku haina hata adabu ya kunyesha ikaisha. Inaning'inia hewani siku nzima kama nguo iliyokamuliwa vibaya.

Nimeanza daftari hili kwa sababu mkono umezoea. Miaka yote niliyokuwa matroni wa bweni la wasichana sikulala bila kuandika habari za siku: nani anaumwa, nani kachelewa, nani kavunja kioo halafu anasema ni upepo. Sasa nimestaafu, nimevuka bahari kuja kwa mwanangu, na bweni langu ni nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Wakazi: mwanangu, mkewe, binti yao wa miaka minne, na mimi.

Mtoto nimempa jina la Pilipili, na mkimwona hamtauliza kwa nini. Mkwe wangu nimempa jina la Kimya, maana tangu nifike majibu yake ni mawili tu: "Sawa, Mama" na "Hapana, Mama."

Mwanangu anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala. Yeye ndiye aliyenitumia tiketi. "Njoo upumzike, Mama," aliniambia kwenye simu. Nilipofika, kabla gari halijatoka uwanja wa ndege, akaongeza: "Na unisaidie kumwangalia huyu. Amebadilika."

Nikamjibu kwamba nimeangalia wasichana bweni zima, mmoja atanishinda nini.

4 Novemba

Jumanne. Kimya ameniachia mtoto akaenda huko anakokwenda. "Kituoni," anasema. Ni kituo cha wanawake wageni, jengo la matofali nyuma ya zimamoto. Karudi macho yanang'aa. Macho hayo nayajua. Msichana aliyekuwa maktaba harudi na macho hayo.

5 Novemba

Mvua. Hita ya sebuleni inagongagonga usiku na mchana.

6 Novemba

Alhamisi, kaenda tena. Aliporudi nikamuuliza, "Huko mnafanya nini?"

"Tunazungumza, Mama."

"Na hapa hatuzungumzi?"

Akaenda kumvua mtoto soksi.

10 Novemba

Leo kanitia aibu dukani. Maziwa ya jana yalikuwa yameganda, naye akayabeba kuyarudisha. Nilidhani ataomba. Alisimama mbele ya muuza duka, kifua mbele, akaongea lugha yao maneno mengi mfululizo, wala hakuinamisha macho. Yule bwana akabadilisha maziwa bila kufungua mdomo. Mimi nimesimama pembeni na kikapu, sielewi neno, kama mzigo uliosahauliwa.

Njiani nikamuuliza, "Nani kakufundisha kujibizana na watu?"

"Sijajibizana, Mama. Maziwa yalikuwa yameharibika."

Jioni nikamsimulia mwanangu tukiwa mezani. Akaacha kutafuna.

"Huyo muuza duka ni mwanamume?"

"Ni mwanamume."

Akaendelea kutafuna, polepole. Nilijiona nimefanya kazi yangu.

11 Novemba

Nimemfuata. Nilimpa dakika chache za kutangulia, nikamvalisha Pilipili makoti mawili, nikautegesha mlango kwa kiatu usijifunge, tukashuka.

Kituo chenyewe si cha kumtisha mtu. Mlango wa kijani uliobanduka rangi, ngazi tatu, dirisha kubwa limejaa ukungu. Nikafuta ukungu kwa kiganja, haukufutika, kumbe uko kwa ndani. Nikasogeza uso penye pembe iliyo wazi.

Wanawake wamekaa kwenye viti kwa duara. Wengine vijana, wengine rika langu, wa rangi na mavazi ya kila namna. Katikati kuna kimeza chenye simu kuukuu ya mezani, waya wake umekatwa na unaning'inia. Kumbe ndilo somo! Mmoja anashika mkono wa simu anajifanya anapiga, labda hospitali, au shule, au polisi, na upande wa pili wa duara bibi mmoja mwenye kofia ya kufuma ya kijani anajifanya karani. Karani wa roho mbaya. Anakatisha, anajifanya hasikii, anapunga mkono kama anayemwambia mtu apige kesho.

Ikafika zamu ya Kimya. Alianza kwa ile sauti yake ya nyumbani. Bi Kofia akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Kimya akarudia. Bi Kofia akapiga miayo. Hapo mkwe wangu akasimama, simu mkononi, akatoa sauti ambayo niliisikia mimi niliye nje, kupita kioo, kupita mvua. Sijui alisema nini. Wenzake wote wakaanza kupiga sakafu kwa miguu, naye akacheka, kinywa wazi mpaka nikaona magego. Zaidi ya mwezi nimeishi na mtu huyu na magego yake sijapata kuyaona.

Nilichukia. Naandika nilivyohisi: nilichukia.

"Bibi," Pilipili akaniuliza, "mama yangu anachekea nini?"

Hapo hapo mlango ukafunguka, akatoka Bi Kofia mwenyewe. Akanitazama, akamtazama mtoto, akaniamkia kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha mbali na kwetu, lakini ni Kiswahili.

"Karibu ndani, kuna chai."

"Sikuja kunywa chai."

"Basi umekuja kufanya nini dirishani?"

"Naangalia mali ya mwanangu."

Akanipima toka viatu hadi kilemba. "Humu hakuna mali, kuna wanawake tu. Na hilo dirisha nimelisafisha asubuhi, kwa hiyo toa pua yako."

Nimetukanwa na watu wengi, wakiwemo wabunge waliokuja kuwadai binti zao kabla ya muda. Hakuna aliyewahi kunitukana kwa upole namna ile.

12 Novemba

Nimemweleza mwanangu yote, na chumvi kidogo. Nilisema wanafundishana jeuri. Nilisema wanacheka hovyo. Akamwita mkewe.

"Kituo basi."

"Kwa nini?"

"Nimesema basi."

Kimya akanitazama mimi, si yeye. Kisha akasema, "Sawa."

13 Novemba

Alhamisi. Hakwenda. Nyumba imetulia. Nimepata usingizi mzuri wa mchana.

18 Novemba

Hakwenda. Kafua mapazia ambayo yalikuwa safi.

20 Novemba

Hakwenda. Kafua mapazia.

24 Novemba

Simu ya Kimya haipo. Mwanangu anasema kioo kimepasuka, ameipeleka kwa fundi. Mchana alinipeleka kununua viatu vya baridi, nikafungua kidroo cha gari kutafuta tishu. Simu ilikuwemo, kioo kizima.

Nikafunga kidroo.

29 Novemba

Pilipili ameumwa sikio, tumekwenda zahanati sote wanne. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya taratibu. Alimuuliza Kimya swali, mwanangu akajibu. Akauliza tena, safari hii amemwinamia Kimya kabisa kama mtu anayechungulia ndani ya kisima. Mwanangu akajibu tena, huku anatabasamu. Kimya anaangalia vigae.

Nami, niliyemwona kasimama na simu iliyokatwa waya anaitikisa nyumba, nilitaka afungue mdomo. Sijui kwa nini. Nilimtaka afungue mdomo mpaka nikajikuta nimekunja ngumi mfukoni. Hakufungua.

Tulipofika nyumbani, hasira ikamwangukia yeye. "Ulimi ulikwama wapi leo?"

Alikuwa anapima dawa kwenye kijiko. Hakuinua macho. "Mama, si ndivyo mlivyotaka?"

Tangu nifike, hayo ndiyo maneno marefu aliyowahi kunipa.

3 Desemba

Nimemwomba mwanangu ufunguo wa nyumba. "Wa nini, Mama? Utapotea." Nikasema nataka tu kuzunguka jengo, miguu inaganda. Akanipiga begani akacheka: "Subiri kiangazi."

Dada yangu naongea naye Jumapili, kwa simu ya mwanangu, mwanangu akiwa amekaa pembeni.

7 Desemba

Nilikuwa bafuni nasuuza nguo. Ukuta wa bafuni na jikoni ni kama karatasi. Mwanangu yuko jikoni anaongea na rafiki yake kwenye simu, nikasikia vizuri tu.

"Siku hizi ametulia. Hatoki. Nimemleta bi mkubwa, bwana. Bora kuliko kufuli." Akamsikiliza mwenzake, kisha akacheka. "Eeh! Na kwanza anapika."

Nilibaki nimeshika shati lake linachuruzika kwenye miguu yangu. Shati la mtoto niliyemnyonyesha mimi. Nilipomsomesha nilisema atakuwa mtu. Nilipopokea tiketi niliwaonyesha majirani wote, hata nisiowapenda, nikawaambia mwanangu kanikumbuka.

Bora kuliko kufuli. Kwanza anapika.

Jioni nimeunguza chakula kwa makusudi, nikamwandalia akala. Akasema, "Leo kimeshika kidogo, Mama." Nikamwambia aongeze.

Isieleweke kwamba sasa nampenda Kimya. Simpendi. Ana kiburi cha watu wapole, ambacho ni kibaya kuliko vyote. Lakini leo nilipompita koridoni nilimpisha.

9 Desemba

Naandikia nyumbani kwa mtu mwingine, kwa kalamu ya mtu mwingine. Nitaandika taratibu.

Asubuhi Kimya alitoka na mfuko wa takataka. Nilimwona amevaa koti. Nilimwona ameweka skafu. Hakuna anayevaa skafu kwenda kwenye pipa. Nikageukia sinki, nikafungua maji kwa nguvu.

Mwanangu alikuwa kwenye zamu ya kuanzia mchana wiki hii, kwa hiyo alikuwa amelala. Aliamka karibu na saa sita, akazunguka vyumba viwili kana kwamba ni ishirini.

"Yuko wapi?"

"Katoka."

"Katoka kwenda wapi? Wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Kwani nilikuleta ufanye nini, Mama?"

Alivyolisema hilo, akajisikia mwenyewe. Nilimwona anajisikia. Lakini hakurudi nyuma. Alivaa fulana yake ya kazi yenye mistari ya kung'aa, akafika mlangoni, akageuka.

"Funga komeo. Asiingie mpaka nirudi, ajifunze. Ukimfungulia, nawe utamfuata huko huko."

Nikafunga komeo. Mimi. Kwa mkono huu.

Haikupita saa nzima nikasikia ngazi. Akajaribu ufunguo, ukazunguka, mlango haukwenda. Akagonga.

"Mama, ni mimi."

Pilipili akatoka mbio, "Mama! Mama!" nikamdaka nguo kwa nyuma.

"Mama, najua uko hapo. Naona kivuli cha miguu yako chini ya mlango."

Nikatazama miguu yangu. Sikuisogeza.

"Nimelowa mpaka ndani. Nifungulie nibadilishe tu, halafu nitakaa hapa ngazini kama ndivyo alivyosema."

Nitasema nilichokuwa nafikiri. Sikuwa nafikiria kanuni wala heshima ya mwanangu. Nilikuwa nafikiria kwamba nikitupwa nje ya nyumba hii sijui hata kuomba maji ya kunywa. Sijui basi linaposimama. Nilikuwa mwanamke ambaye wasichana wakisikia viatu vyake wanazima taa, na sasa nimesimama nyuma ya mlango naogopa. Kimya alikuwa nje kwenye mvua lakini ana mahali pa kwenda. Mimi niko ndani, mkavu, sina.

"Basi," akasema. Hakusema kwa hasira. Nikasikia miguu inashuka.

Pilipili akaniuma mkono. Aliuma akang'ang'ania, mpaka nikamwachia, na mkono uleule ulioumwa ukavuta komeo. Nje hakuna mtu. Alama za viatu vya maji tu, zimekuja na zimerudi.

Nikamvalisha mtoto makoti yote niliyoyaona. Nikachukua pasi yangu ya kusafiria, daftari hili, na dawa ya sikio. Nikatoka, nikauvuta mlango ukajifunga. Sikuwa na ufunguo. Nilijua sina.

Huko kituoni alinipokea Bi Kofia. Hakusema karibu. Alinyoosha kidole. "Dirisha lako lile pale."

Kimya alikuwa kwenye jiko dogo la nyuma, amevaa koti la mtu mrefu zaidi yake, mikono imezunguka kikombe. Wanawake wanne watano wamemzunguka. Hawakuwa wakimbembeleza wala wakilia naye. Mmoja anamkausha nywele kwa taulo, mwingine anapanga soksi kavu. Msimamizi wa kituo, dada mrefu wa huku huku mwenye miwani, yuko kwenye simu, nayo hii ina waya. Kila mtu anajua afanye nini. Nimesimamia bweni maisha yangu yote, nikapigiwa saluti, na sijawahi kupata watu wanaosaidiana hivyo bila kengele.

Pilipili akamrukia mama yake. Kimya akanusa kichwa cha mtoto, akanigeuzia mgongo.

"Nimefungua," nikasema.

"Nilishaondoka."

"Nimefungua hata hivyo."

"Ulikuwa umesimama pale, Mama. Miguu yako haikusogea." Sasa akageuka. "Baba yake mtoto simshangai tena. Wewe nilikuwa nakuogopa tangu siku ya kwanza, lakini nilidhani ni mwanamke mwenye msimamo. Kumbe unaogopa kuliko mimi."

Wanawake wote wakanitazama. Ukimtoa Bi Kofia, hawajui Kiswahili, lakini walielewa. Hakuna aliyenipa kiti. Nikasimama mpaka kiuno kikaniuma, ndipo Bi Kofia akakisukuma kimoja kwa mguu.

"Kaa. Si kwa ajili yako. Unaziba njia."

Mwanangu alifika jioni. Alirudi nyumbani, akakuta giza, akajua. Akaja na ile fulana ya kung'aa, akaupiga mlango wa kijani kwa kiganja. Msimamizi akataka kutoka, nikamshika mkono, nikatoka mimi.

"Mama, mchukue mtoto twende."

"Mtoto yuko kwa mama yake."

"Uko upande gani wewe?"

"Nilikuwa bafuni," nikamwambia. "Jumapili. Ulipokuwa unaongea na rafiki yako. Bora kuliko kufuli."

Akapepesa macho. "Mama, ule ni utani. Utani wa wanaume tu."

"Basi cheka."

Hakucheka. Mvua ilikuwa inamteremka usoni, nikaona uso wake wa utotoni na uso wa baba yake umekaa mahali pamoja, na baba yake hakuwa mtu mzuri. Akanishika mkono juu ya kiwiko. Hakunipiga, naandika ili isije ikasemwa. Alinishika kama mtu anavyoshika begi lake.

"Twende."

Mlango ukafunguka nyuma yangu.

"Mwachie Mama."

Ilikuwa ile sauti. Ile ya kupita kioo. Kimya amesimama kwenye ngazi na lile koti linaburuza, simu ya Msimamizi mkononi.

"Rudi ndani," mwanangu akasema.

"Mwachie mkono. Nikibonyeza hapa wanapokea, na cha kuwaambia nakijua chote. Jina lako, jina langu, mtaa, na ulichofanya leo na ulichofanya mwezi wa sita."

Sikujua habari ya mwezi wa sita. Nikamtazama mwanangu, naye hakunitazama. Kila nilichotaka kujua nikakijua hapo.

Akaniachia. "Utalala wapi, Mama?" akauliza, taratibu, kana kwamba amenishinda.

"Sijui," nikasema.

Akaondoka.

10 Desemba

Kulala tumelala kwa Bi Kofia. Ni mjane, ana nyumba nyembamba yenye ngazi kama za kuku. "Wawili niliwatarajia," alisema, "mzee sikumtarajia." Kimya na mtoto wana chumba. Mimi nililala kwenye kochi, na koti la marehemu kama blanketi.

14 Desemba

Nimerudi kwa mwanangu. Kochi lile si la kudumu, na uhai wa viza yangu uko mikononi mwake mpaka Aprili. Nilimwambia Kimya. Hakunizuia, hakuniruhusu. Mwanangu alinifungulia mlango, hakuniamkia. Ufunguo ulikuwa mezani. Sikuuliza, nikautia mfukoni.

25 Desemba

Mimi na mwanangu hatujasemeshana.

8 Januari

Alhamisi. Nimekwenda kituoni. Hakuna aliyenialika. Nimekwenda kwa sababu Pilipili yupo. Kimya alisema "Shikamoo, Mama" akiuambia ukuta. Bi Kofia akanipanga kwenye meza yake, tukagombana kuhusu namna ya kukunja taulo mpaka muda ukaisha.

15 Januari

Nimegombana na Bi Kofia kuhusu chai. Anaitia sukari kama anamzika mtu.

20 Januari

Leo wamenisimamisha mimi. Zoezi: muulize dereva kama basi linafika hospitali. Bi Kofia ndiye dereva, na kwa kuwa ni mimi alikuwa dereva mshenzi kuliko wote. Nikasahau neno la "hospitali," nikatoa la "jeneza." Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Msimamizi alivua miwani akafuta macho. Nilitaka kutoka. Nilishafika kwenye makoti, ndipo mwanamke mmoja kijana, ambaye tangu nianze kuja anaitwa kusimama naye anakataa, akainuka bila kuitwa, akanishikisha kiti changu kama usukani, akanionyesha kwa ishara kwamba ataliuliza yeye swali, nami niitikie. Akauliza. Sauti inamtetemeka. Nikaitikia.

Nilipokuwa matroni nilidhani hofu inawafanya wasichana kuwa hodari. Yule kijana amesimama leo kwa sababu mimi nilichekesha watu.

31 Januari

Sasa kuna mpango: Jumamosi, mwanangu anamwona mtoto kituoni, Msimamizi akiwepo. Kaja na mwanasesere mkubwa kuliko mtoto. Pilipili akajificha nyuma ya sketi yangu, akachungulia, mwisho akaenda. Wakacheza. Muda ulipokwisha mwanangu akatoka.

Nikamwona kupitia dirisha lile lile, ndani ya gari, ameweka kichwa kwenye usukani. Ni mwanangu. Sikwenda. Nilisimama pale mpaka gari likaondoka.

2 Februari

Mwanangu kaniuliza, akiwa amenipa mgongo anaosha kikombe chake: "Huwa ananiulizia?"

"Nani?"

"Yeye."

"Hapana," nikasema. Sikumwongopea na sikumpunguzia.

12 Februari

Kimya amepata kazi mapokezi, zahanati ile ile ya sikio. Yule muuguzi mnene alimkumbuka. Kituoni wamepiga sakafu kwa miguu mpaka zimamoto wakachungulia. Mimi pia nimepiga, kidogo, chini ya meza. Bi Kofia ameona.

19 Februari

Mvua. Bi Kofia anaumwa kifua, hakuja. Meza yetu ilikuwa kubwa mno.

24 Februari

Mwanangu ameleta tiketi yangu ya kurudi. Ni ya mwezi ujao badala ya Aprili. "Naona huku hukufurahi, Mama," akasema. Kazi imekwisha, mlinzi anarudishwa kwao. Nilisoma tarehe, nikamwambia asante. Nilitaka kumwambia mengi, na mengine nilimwambia. Nilimwambia kwamba sikumlea amshike mtu vile, na kwamba kama nilimlea hivyo bila kujua, basi ajifunze upya kama mimi ninavyojifunza kuuliza basi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kazini.

1 Machi

Jumapili. Nimekwenda kwa Bi Kofia peke yangu, kwa basi. Nilimuuliza dereva kwa sauti ya bwenini, mwanamke wa kiti cha nyuma akashtuka. Nilipitiliza kituo kimoja, nikarudi kwa miguu, nimeshika chupa ya supu kwapani.

Kimya ndiye aliyefungua, kiasi cha uso tu. Amevaa sare ya zahanati, kumbe leo alikuwa na zamu. Amechoka, na uchovu umempendeza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimeleta supu ya mgonjwa."

Akaipokea. Mlango ukabaki pale pale.

"Mtoto amelala," akasema.

"Sikuja kumwamsha."

"Baba yake kakutuma?"

"Hajui niko wapi."

 Alinitazama vile wanavyowatazama watu kwenye dawati la mapokezi: huyu anaumwa nini, na ni kweli au anajifanya. Nikataka kusema samahani. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ndani ya basi, kwa lugha mbili, lakini ilipofika kwenye meno ikawa ndogo, ikanitia aibu kuitoa.

"Tarehe ishirini naondoka," nikasema.

"Mwenye nyumba kaniambia."

"Nilitaka nijue unavyoishi, nikiulizwa na dada yangu niseme nimekuona."

Ndani, Bi Kofia akakohoa, kisha akapaza sauti ya mtu asiyeumwa hata kidogo: "Ni nani huyo anayeniingizia baridi?"

Kimya akasogea pembeni. Mlango ukafunguka wote.

"Vua viatu, Mama," akasema. "Zulia ni la kwake, na wewe hutaki kumpa sababu."

Nikainama. Kamba zilikuwa zimelowa, vidole havitaki. Akaweka supu chini, akapiga goti, akafungua fundo la kwanza. La pili akaniachia nifungue mwenyewe.